Msiizime Picha, Jibuni Swali

Tangu senema iingie katika miji yetu hapajakosa mzee wa kusema kwamba ndiyo iwaharibuyo vijana. Maneno hayo tuliyasikia tungali wadogo wa chuoni, na majuzi tumeyasikia tena Pumwani, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Tulikuwa wageni wa jamaa zetu, na baada ya sala ya Isha watu wa vizazi vitatu walikaa katika chumba kimoja kuitazama picha ya kale ya Kihindi, nayo ni “Bobby”.

Walio na umri wanaijua. Ilitolewa mwaka 1973 na Raj Kapoor, yule yule wa “Awara” ya mwaka 1951. Kapoor alikuwa ameingia katika madeni kwa ajili ya picha yake ya mwaka 1970, “Mera Naam Joker”, iliyokula fedha nyingi isizirudishe. Katika “Bobby” akawatanguliza vijana wawili ambao hawajapata kuwa mastelingi: mwanawe, Rishi, aliyefariki Aprili 30, 2020, na Dimple Kapadia, msichana wa miaka 16. Picha ikapendwa kupita kiasi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Raja ni mtoto wa tajiri wa Kihindu. Bobby ni binti wa mvuvi, Mkristo wa asili ya Goa, na bibi yake ndiye yaya aliyemlea Raja. Vijana wanapendana. Tajiri amekwisha kumchagulia mwanawe mchumba mwenye akili pungufu, kwa kuwa baba wa msichana huyo ana mali na biashara. Mvuvi anapokwenda kuzungumza naye kiungwana, tajiri anamwambia kuwa amemtumia bintiye kama chambo, kisha anamtolea fedha. Hapo ndipo pana fitina yote. Vijana wanatoroka kwa pikipiki, baba anatangaza zawadi kwa atakayempata mwanawe, wahuni wanawaandama, nao wanajitupa majini. Baba wawili wanajitosa, na kila mmoja anamwokoa mtoto wa mwenziwe.

Sasa tuwatazame watazamaji, kwani kwao tumejifunza mengi kuliko katika picha.

Vijana wa kiume walianza kwa kucheka. Waliicheka suruali ya stelingi iliyopanuka miguuni, wakauliza kwa nini hampigii msichana simu badala ya kuhangaika njiani. Wao wamezoea vibanda vya video vya mitaani, ambamo mtu kama DJ Afro huizungumzia picha kwa Kiswahili cha Nairobi, akatia na mzaha wake, hata adui akawa kama jirani wa Kayole au Kariobangi. Hapa hapakuwa na wa kuwafasiria ila bibi mwenye nyumba, naye hajui Kihindi. Lakini aliifasiri picha yote, neno kwa neno, kwani aliiona zamani Mombasa, enzi za majumba ya Regal, Majestic na Naaz, katika onyesho la wanawake peke yao, buibui kwa buibui. Nyimbo alizijua pia. Kwa mtu wa Mwambao hilo si ajabu: marehemu Juma Bhalo na wenziwe walizivika tuni za Kihindi maneno ya Kiswahili, tukaziimba harusini kana kwamba zilizaliwa Mvita.

Ulipofika ule wimbo wa vijana wawili kufikiri ingekuwaje wakifungiwa chumbani, mjomba mmoja alikohoa, akainuka kwenda kunywa maji. Tajiri alipomtolea mvuvi fedha, wale waliokuwa wakicheka walinyamaza. Mmoja wao, anayefanya vibarua vya ujenzi, alisema taratibu, “Huyu mzee ametukanwa.” Hakuna aliyemjibu.

Picha ilipokwisha, mjukuu wa kike aliyemaliza shule mwaka uliopita alimgeukia bibi yake akamwuliza, “Bibi, nawe uliulizwa?”

Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Niliambiwa Ijumaa, nikaozwa Alhamisi. Nililia, wakasema ni haya za mwanamwali. Babu yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini siku ile mimi sikulijua hilo.”

Mjomba akaishika rimoti. “Mnaona? Ndiyo matunda ya senema hayo,” akaizima televisheni, na watu wakaenda kulala.

Sisi twaona mjomba alikosea. Kwanza, swali la mjukuu halikutoka Bombay. Lilikuwamo nyumbani siku nyingi, na picha ililifungulia mlango tu. Pili, swali hilo lina jibu katika dini yetu, na aliyepaswa kulitoa ni mjomba huyo huyo, kwani baba wa msichana hayupo na yeye ndiye mkubwa aliyebaki nyumbani.

Yajulikana kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata Waislamu wengi wa Mwambao, ndoa haiwi bila ya walii, na kwamba baba amepewa uwezo mkubwa juu ya binti mwanamwali. Wengi wetu tumeishika nusu hiyo ya somo. Nusu ya pili ni kuwa wanavyuoni wa madhehebu hayo hayo waliufunga uwezo huo kwa masharti: mume awe kufu yake, pasiwe na uadui baina ya baba na binti, mume aweze kutoa mahari. Na pamoja na hayo wakasema ni sunna binti aulizwe. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa mwanamwali hutakwa idhini yake, na idhini yake ni kunyamaza. Nasi tumeshika kunyamaza, tukasahau kuuliza. Asiyeulizwa hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali kwa kunyamaza. Hata machozi ya mwanamwali wanavyuoni waliyajadili, ni ya haya au ya kukataa. Nyumba ngapi zetu ziliyajadili? Na imo katika Sahihi ya Bukhari habari ya Khansa binti Khidam, aliyeozwa na baba yake bila ya ridhaa, akaenda kwa Mtume kushtaki, na ndoa ile ikavunjwa.

Kwa vijana nao tuna neno. Picha hukoma pale majini, vijana wakiwa wamekumbatiana. Haionyeshi kodi ya nyumba mwezi wa pili, wala mtoto anapougua usiku. Dimple mwenyewe, aliyetuigizia msichana anayepigania chaguo lake, aliolewa Machi 1973, kabla picha haijatoka, akiwa na miaka 15, na mumewe, Rajesh Khanna, alikuwa na miaka 30. Baadaye walitengana. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka miaka 18, na twaona ni haki. Wala hatusemi kuwa tofauti ya dini ni jambo la kupuuzwa, kwani Mwislamu ana mipaka yake inayojulikana. Lakini tajiri wa “Bobby” hakugombania dini. Aligombania mali, na ugomvi huo tunao hata sisi, tunapomrudisha kijana mcha Mungu kwa kuwa anakaa chumba kimoja Majengo, tukamkaribisha mwenye gari tusiyemjua kwao.

Kijana anayezuiliwa bila ya haki hana haja ya pikipiki wala maji. Walii akimkatalia binti mume aliye kufu yake bila ya sababu ya kisheria, jambo hilo lina jina katika fikihi, nalo ni adhli, na binti ana haki ya kulipeleka kwa Kadhi. Mahakama zake zimo katika Katiba yetu ya mwaka 2010. Basi mabinti wafundishwe hilo chuoni, kama wanavyofundishwa udhu.

Wazazi wa Pumwani, na wa Mombasa na Lamu vile vile, twawaomba msiiache televisheni iwe ndiyo somo pekee wa watoto wenu. Kaeni nao muitazame picha, na inapokwisha msikimbilie kuizima. Wale baba wawili wa “Bobby” hawakujua thamani ya watoto wao mpaka walipowaona wanazama. Sisi twaweza kujua mapema, kwa kuulizwa na kujibu. Mjukuu yule wa Pumwani mpaka leo hajajibiwa na mjomba wake, na mposaji, twasikia, amekwisha kupiga hodi.