Saa za Kompyuta Zikigombana

Juma hili nakuletea kisa cha kituo kimoja cha afya, nisichokitaja jina, ambako mtoto mdogo nusura achomwe sindano mara mbili kwa sababu ya saa.

Kituo hicho kina kompyuta nne zilizounganishwa, nazo hutumia daftari moja la wagonjwa. Siku hiyo mtoto alichomwa sindano saa 2 asubuhi. Kompyuta ya chumba cha dawa ikaandika 2:00, yaani saa 8 ya usiku. Adhuhuri muuguzi mwingine akafungua daftari lile wodini. Akahesabu: tangu saa 8 ya usiku zimepita saa kumi, na dawa hii hutolewa kila baada ya saa nane. Basi akatwaa sindano. Mama wa mtoto akasema, "Sista, mbona amekwisha kuchomwa asubuhi hii?" Neno la mama ndilo lililomwokoa mwanawe.

Kosa lilitoka wapi? Kijana mmoja aliona saa ya kompyuta ile imepotea, akaipanga kwa mkono. Ilikuwa saa 2 asubuhi, naye akaandika 2:00. Hakusema uongo! Sisi twahesabu saa tangu mapambazuko, bali kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Saa 2 asubuhi yetu, kwake ni 8:00.

Basi, ukiona saa za kompyuta hazipatani, usikimbilie kuzipanga. Kwanza tazama saa ya kweli katika simu iliyo kwenye mtandao, au ngoja redio itangaze saa. Kisha jiulize: kosa ni kubwa kiasi gani? Ukubwa wa kosa hukutajia ugonjwa.

Kosa likiwa la saa sita kamili, mtu amechanganya hesabu yetu na ya mashine, kama kijana yule.

Likiwa la saa moja kamili, mashine imeambiwa iko nchi nyingine. Sisi wa Igogwe twajua kwamba ukivuka mto Songwe kuingia Malawi, saa ya huko iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Katika orodha ya kompyuta chagua Nairobi, maana Tanzania na Kenya hufuata saa ile ile.

Likiwa la miaka mingi, na hutokea kila umeme ukikatika, betri imekufa. Ndani ya kompyuta ya mezani mara nyingi mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, iliyoandikwa CR2032, nayo huitunza saa mashine ikizimwa. Nunua nyingine. Tarehe ikipotea hivyo, hata kurasa za intaneti hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kwisha.

Likiwa la dakika chache, nalo lakua polepole, saa haina mwalimu. Saa ya kompyuta hufuata kipande cha jiwe kitetemekacho, mara nyingi mara 32,768 kwa sekunde. Kikikosea sehemu 20 tu katika milioni, hupotea karibu dakika moja kwa mwezi. Usidharau kosa dogo: kalenda ya kale ilikosea dakika kama 11 tu kwa mwaka, na mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akalazimika kuondoa siku kumi, hata tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na tarehe 15.

Dawa ya kosa hili ni kama kengele ya Malaika wa Bwana. Kila nyumba ina saa yake, lakini kengele ikilia wote hupatana. Chagua kompyuta moja iwe mwalimu, nayo ijifunze saa kwa intaneti. Nyingine zote zimsikilize hiyo moja. Utaratibu wa kuulizana hivyo, uitwao NTP, ulitungwa na David Mills wa Marekani, ukaanza kutumika mwaka 1985. Ukimtuma mtoto Misheni kuuliza saa, akirudi saa ile imekwisha pitwa. Kwa hiyo mashine hupima muda wa kwenda na kurudi, ikaongeza nusu ya safari. Ikiwa haipati jibu, mwambie fundi atazame kama mlango namba 123 wa mtandao umefungwa.

Na angalizo la mwisho: usirudishe saa nyuma huku daftari la wagonjwa liko wazi. Lifunge kwanza, toa nakala yake, ndipo urekebishe. Halafu andika katika karatasi kosa lilikuwa kiasi gani na tangu lini, ili mganga ajue mistari ipi isiaminiwe.

Nawe mama, uketipo kitandani kwa mwanao, kumbuka saa ya kila dawa. Mashine yaweza kukosea. Usione haya kusema. Kwaheri hata juma lijalo.