Gramu 1,400 au 200? Tulilokataa Kupima Mara ya Tatu

Nyasubi na Kahama yote, makinikia yakitajwa, mjadala huishia palepale: nani alikuwa mzalendo, nani msaliti. Naupinga mjadala huo tangu mzizi wake. Kiasi cha dhahabu kilichomo katika tani moja ya makinikia hakijulikani kwa kupima uzalendo wa mpimaji.

Tukumbushane. Mei 24, 2017, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais Magufuli ripoti juu ya makontena 277 yaliyozuiwa Dar es Salaam, yakiwa na makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi. Kamati ilisema kila tani ina wastani wa gramu 1,400 za dhahabu. Wakala wa Ukaguzi wa Madini, TMAA, ulikuwa na wastani wa takriban gramu 200. Mara saba! Hiyo si tofauti ya kuteleza kwa mizani.

Biashara ya makinikia ina dawa ya ugomvi huu, tena ya zamani. Dhahabu haikai sawasawa ndani ya shehena, hivyo sampuli huchotwa sehemu nyingi, huchanganywa, kisha hugawanywa mafungu: la muuzaji, la mnunuzi, na la akiba linalofungwa kwa lakiri. Majibu yakipishana kupita kiasi, fungu la akiba hupelekwa maabara isiyo na upande. Hata mchimbaji mdogo akiitilia shaka mizani ya mnunuzi hutafuta mizani nyingine kabla ya kupiga kelele.

Sisi je? Siku ileile waziri mwenye dhamana, Profesa Sospeter Muhongo, naye mjiolojia, aliondolewa, na bodi ya TMAA ikavunjwa. Acacia iliomba uhakiki huru. Tukauona kama ujanja wa mwizi. Julai ikaletwa hati ya kodi ya dola bilioni 190. Oktoba Barrick, mwenye hisa nyingi za Acacia, ikaahidi dola milioni 300. Baadaye tukapata hisa asilimia 16 kupitia Twiga, nami sizibezi. Ila meza ya majadiliano huamua nani alipe nini, haipimi dhahabu.

Nitaambiwa kampuni haikustahili kuaminiwa. Sawa kabisa! Ndiyo maana tulihitaji kipimo ambacho isingeweza kukikana mbele ya yeyote. Badala yake Bulyanhulu ilipunguza shughuli mwaka uleule, na wafanyakazi wakapoteza ajira bila kujua ni namba ipi iliyokuwa ya kweli.

Tume ya Madini iliyorithi kazi ya TMAA itueleze: leo fungu la akiba huhifadhiwa wapi, nani ana ufunguo, na maabara ipi huamua? Na mkemia wa serikali akileta namba isiyompendeza mkubwa, sampuli irudiwe kwanza, kabla ya barua yake ya kusimamishwa kazi kuandikwa.