Prince of Persia Bila Prince: Mimi Naikubali

Wapenzi wa gemu, leo tuache mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu Prince of Persia: The Lost Crown, iliyotolewa na Ubisoft tarehe 18 Januari 2024. Najua si mpya sana tena, lakini kila nikiitaja bado nasikia lalamiko lilelile: "Hiyo si Prince of Persia, mwanamfalme mwenyewe humchezi!"

Ni kweli humchezi. Unayemwendesha ni Sargon, kijana wa kikosi cha Immortals, naye mwanamfalme Ghassan ndiye aliyetekwa nyara na kupelekwa Mlima Qaf. Ilipotangazwa Juni 2023 mashabiki wengi waliizomea kabla hata ya kushika pedi. Nywele mbaya, muziki mbaya, kila kitu kibaya. Mimi nasema hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya kwanza kuliko zote zilizofuata, hata Sands of Time ya 2003 ambayo naipenda sana.

Sababu yangu ni ya mtu wa programu. Jordan Mechner aliitengeneza ya kwanza kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, ikatoka 1989. Alimrekodi mdogo wake kwa video akikimbia na kuruka, kisha akachora fremu moja moja kufuata zile picha. Ndiyo maana yule jamaa alikuwa na uzito wa binadamu: ukichelewa kuruka, unaanguka kama mtu anavyoanguka. Ila picha hizo zilikula kumbukumbu ya mashine, na nafasi ya kuchora adui mpya haikuwepo. Mechner akachukua picha zilezile za shujaa, akazisogeza kidogo na kuzifanyia XOR zenyewe kwa zenyewe. Pakatokea umbo la mzimu linalometameta. Basi huyo akawa Shadow Man! Anazaliwa unaporuka kupenya kioo, anakuwahi kuinywa dawa yako, na mwishoni humuui kwa upanga, maana ukimkata unajikata mwenyewe. Unaurudisha upanga alani, mnaungana. Uhaba wa baiti ndio uliozaa sehemu bora ya hadithi. (Msimbo wenyewe Mechner aliuweka GitHub mwaka 2012, baada ya baba yake kuzipata diski za zamani. Kausome. Ni asembli, lakini haing'ati.)

Sasa njoo kwa The Lost Crown. Kuna uwezo unaoitwa Shadow of the Simurgh: unaacha kivuli chako mahali, unaenda zako, ukibonyeza tena unarudishwa pale ulipokiacha. Unaruka juu ya miiba, unakosa pa kutua, unajivuta nyuma kwenye kivuli, unaanza upya kutoka upande mwingine. Ni wazo la 1989 lililokua: shujaa na kivuli chake, na muda katikati yao. Mtu aliyeweka hilo ndani aliielewa gemu ya kwanza kuliko wanaodai kilemba na suruali nyeupe.

Kitu kingine nilichokipenda ni ramani. Ukikutana na mlango usioweza kuufungua, unapiga picha ya skrini na kuibandika pale pale kwenye ramani. Nashangaa gemu zilizotangulia zilitutesa bure miaka yote ile.

Kasoro zipo. Vituo vya kusafiria haraka ni vichache mno, unarudia njia hadi unachoka. Na hadithi ikifika theluthi ya mwisho inajifunga mafundo. Watengenezaji, Ubisoft Montpellier, ni walewale wa Rayman Legends. Miguu wanaijua kuliko maneno.

Tukitaja maneno: gemu hii ina sauti za Kiajemi, mara ya kwanza katika mfululizo huu, miaka 35 baada ya kuanza kutumia jina la Uajemi. Lugha iliyotupa sisi bandari, bustani na serikali! Ilingojea muda wote huo. Kwetu ilikuwa haraka zaidi. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau ya Surgent Studios, iliyoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ikiwa na sauti kamili za Kiswahili. Niliicheza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho na sikutaka kuizima. Lakini tuseme ukweli: maadui wanajirudia, na kuruka kwa Zau hakuna ule usahihi wa Sargon. Tusiipe alama za huruma kwa sababu ni yetu. Kinyago cha jua na cha mwezi ni wazo zuri linaloweza kubishaniwa kama gemu nyingine yoyote.

Soko halikuzihurumia zote mbili. Surgent ilipunguza wafanyakazi Julai 2024, na Oktoba mwaka huohuo ikajulikana kwamba timu ya The Lost Crown imetawanywa kwenye kazi nyingine, licha ya sifa zote ilizopata kwa wahakiki.

Hapa Mabanga wengi tunacheza kwa simu, na habari njema ni kwamba tangu Aprili 2025 The Lost Crown ipo kwenye Android na iPhone. Unajaribu mwanzo bure, halafu unalipa mara moja. Imewekewa misaada ya wenye vidole vizito, kama kukinga mapigo yenyewe. Hata hivyo, kwa vidole juu ya kioo siipendekezi. Azima pedi ya Bluetooth kwa rafiki, na upakue kwenye Wi-Fi, maana bando litaisha kabla hujamwona Sargon.