Ng'ombe hukaguliwa meno, kozi ya mtoto haikaguliwi

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa habari za mahindi, maharage, mifugo na shilingi ya Kenya pale Sirari. Wiki hii safu inaomba kuziweka kando na kuzungumzia bidhaa nyingine ambayo wafanyabiashara wa Tarime na Serengeti huinunua kila mwaka kwa fedha nyingi, tena wakiwa wamefumba macho. Bidhaa hiyo ni shahada ya mtoto.

Mtu akitaka kujua jinsi watu wa huku wanavyonunua, aende mnadani. Mnunuzi wa dume humzunguka mnyama mara mbili, mara tatu. Humfungua mdomo kuangalia meno, humshika nundu, humtembeza kuona kama anachechemea, kisha huuliza ametoka boma gani na kwa nini anauzwa. Bei ikitajwa hucheka na kuondoka, halafu hurudi baada ya nusu saa. Mtu huyo huyo, mtoto wake akimaliza kidato cha sita, humpa elfu hamsini na kumwambia, "Mura, nenda pale stesheneri wakuombee chuo." Kazi inakwisha kwa dakika ishirini. Fedha zitakazotoka kutokana na dakika hizo ishirini kwa miaka mitatu au minne ijayo zinatosha kununua ng'ombe kadhaa.

Mfanyabiashara mmoja wa nafaka wa Sirari alimsimulia mwandishi yaliyompata. Kijana wake alifaulu vizuri na akaombewa vyuo vitatu. Mwenye kompyuta, ili amalize haraka, akajaza namba yake mwenyewe ya simu na anwani yake ya barua pepe. Kijana akachaguliwa vyuo viwili. Utaratibu unasema aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe anakokwenda, na namba ya siri ya kuthibitishia hutumwa kwa simu. Ilitumwa kwenye simu ya mwenye kompyuta, ambaye siku hizo alikuwa anahudumia watu wengine mia. Muda ukapita. Kijana akaja kupata nafasi awamu ya mwisho, katika chuo cha binafsi cha ada kubwa, kozi ambayo hata jina lake baba hawezi kulitamka. Mzee ameuza ng'ombe watatu na bado yuko mwaka wa pili. "Mimi sikuibiwa," alisema, "nilizembea." Safu hii inaona alikuwa anajionea ukali mno, lakini hakukosea sana.

Ili tuelewe tulivyofika hapa, turudi nyuma kidogo, na wala hatuendi mbali. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa lile Azimio la Musoma. Mbali na elimu ya msingi kwa wote, azimio hilo liliagiza kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza afanye kazi, kisha apendekezwe na mwajiri wake na chama. Wakati huo chuo kikuu kilikuwa kimoja tu, cha Dar es Salaam, kilichosimama peke yake tangu 1970. Serikali ndiyo iliyopanga taifa linahitaji wahandisi wangapi na walimu wangapi, na ndiyo iliyolipa. Mzazi wa Mugumu hakuwa na la kuchagua wala la kulipa. Kama mpango ulikuwa mbaya, hasara ilikuwa ya serikali.

Sharti lile la kazi lililegezwa baadaye, likaachwa. Ikaja miaka ya tisini na uchangiaji wa gharama. Vyuo vikuu vya binafsi vikaruhusiwa, na Mwanza ikapata Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Mwaka 2005 ikaanza kazi Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na mwaka huo huo Bodi ya Mikopo. Kuanzia 2010 TCU ilikuwa na mfumo mmoja wa pamoja: mwombaji anajaza mara moja, Tume inampanga. Mwaka 2017 mfumo huo ukaondolewa na waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja katika kila chuo. Kwa lugha ya ukurasa huu, soko limefunguliwa. Muuzaji anajitangaza, mnunuzi anachagua, na akichagua vibaya hasara ni yake.

Katika soko lililo wazi bidhaa mbovu huwa hazikosekani. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya baada ya ukaguzi wa ubora, na katika vyuo vingine ikazuia kozi kadhaa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, matawi ya chuo kimoja huko Songea na Arusha yalifutwa na wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Wazazi waliokuwa wameshalipa ada wanakumbuka. Kumbe Tume hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo, kimoja cha waliomaliza kidato cha sita na kingine cha wenye stashahada. Ndani yake imo kila kozi iliyoruhusiwa, chuo chake, muda wake, idadi ya nafasi na sifa za kujiunga. Kinapatikana bure katika tovuti ya Tume. Kozi isiyokuwemo humo isinunuliwe, hata kama bango lake pale stendi ya Tarime lina picha nzuri ya vijana wenye majoho. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi ni kasoro, kwa maana mwenye kulipa mara nyingi hakisomi.

Sasa sifa. Wengi wanajua kwamba kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Wakishajua hilo wanaridhika. Lakini hiyo ni tiketi ya kuingia uwanjani tu, kila kozi ina sharti lake. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na kwa vyuo vya umma ushindani unasukuma alama juu sana kuliko kile kiwango cha chini. Mwenye pointi chache anayeomba udaktari peke yake katika vyuo vitatu amenunua tiketi tatu za bahati nasibu. Mfanyabiashara yeyote anajua kutawanya mzigo: chuo kimoja cha kutamani, kimoja cha kufikia, kimoja cha uhakika. Na aliyekosa kabisa hajafa. Astashahada, kisha stashahada yenye wastani wa 3.0, humfikisha mtu mlango ule ule wa shahada, na njiani anapata cheti kinachoajirika.

Tutazame bei. Ada ya maombi ni kama shilingi 10,000 kwa chuo, na maombi ya mkopo ni 30,000. Weka uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa RITA, picha, nauli ya kwenda Tarime mjini au Mugumu. Jumla inakaribia bei ya mbuzi mmoja. Ada ya chuo cha umma kwa kozi nyingi ni milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka. Udaktari katika chuo cha binafsi unapita milioni 4. Gharama ya kuchagua ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kilichochaguliwa, lakini ndipo watu wanapobana.

Kuhusu mkopo, kuna kitu kimoja kidogo kinachowaangusha vijana wa wilaya hizi kuliko wengine, nacho ni herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Boke, cheti cha kidato cha nne kinasema Bhoke. Huku Gati, kule Ghati. Katika ukoo mmoja Chacha na Mwita hubadilishana nafasi kati ya jina la kwanza na la tatu, kwa kuwa mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Kompyuta ya Bodi haina mjomba Nyamongo wa kuielezea. Majina yasipolingana, kijana anaambiwa arekebishe, na kurekebisha ni hati ya kiapo, wakili na safari. Aliyefiwa na baba akakosa cheti cha kifo kilichohakikiwa anahesabiwa kama mwenye baba. Haya si mambo ya kuanza Julai. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai, na madirisha ya mikopo na vyuo hufunguka karibu wakati huo huo. Tena vijana wengi wanakuwa kambini JKT kwa mujibu wa sheria, wengine Rwamkoma hapa hapa Mara, wengine mikoa ya mbali, ambako simu haishikwi ovyo. Ndipo stesheneri inapopata wateja wake.

Mkopo wenyewe ni deni, na wasomaji wa ukurasa huu wanajua deni ni nini. Posho ya chakula na malazi, ile vijana wanayoiita bumu, ilipanda mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na fedha hiyo itarudishwa. Tangu 2016 aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuchukue mfano wa mwenye deni la milioni 10 na mshahara wa msingi wa 800,000. Atakatwa 120,000 kila mwezi kwa karibu miaka saba. Ni kweli ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa inavimbisha deni kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021, na leo mkopo huu ni wa nafuu kuliko wowote utakaopata benki. Hata hivyo swali la mkopaji halibadiliki: fedha hii inazaa nini?

Hapo ndipo safu hii inapoona kosa kubwa zaidi. Kozi zinachaguliwa kwa heshima ya jina au kwa kufuata rafiki, wala si kwa kuangalia nani atanunua ujuzi huo. Tarime ina mgodi wa North Mara, uliochimba dhahabu tangu 2002, na kuanzia 2019 serikali ilichukua hisa asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Kila mara tunasikia malalamiko kwamba ajira nzuri zinakwenda kwa wageni. Malalamiko yana msingi wake. Lakini ni wazazi wangapi wa Nyamongo wamewahi kumpeleka mtoto kusoma jiolojia au uhandisi migodi Dar es Salaam, au ufundi wa mitambo ya migodi VETA Moshi? Serengeti nayo ina hifadhi tangu 1951, ina hoteli na lango la Ikoma. Chuo cha Mweka kimefundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963, na Pasiansi kiko Mwanza, safari ya siku moja. Wapo vijana wa vijiji vya jirani waliolipiwa masomo na Grumeti Fund. Wengi zaidi hawajui kwamba mlango huo upo.

Wapo pia wanaotazama ng'ambo ya mpaka, na si ajabu, maana Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori na ndugu wako Isebania. Hakuna ubaya. Ila anayevuka kwanza aulize TCU kama kozi anayokwenda kusoma inatambuliwa, na achukue barua ya Tume ya kutokuwa na pingamizi. Kuuliza baada ya kuhitimu ni kuchelewa.

Jambo moja zaidi, na wazee watatuvumilia. Mtoto wa kike aliyefaulu kidato cha sita katika wilaya hizi bado anapigiwa hesabu mbili kwa wakati mmoja, ya ada inayotoka na ya ng'ombe wa mahari wanaoingia. Kwa hesabu ya msimu mmoja mahari inashinda. Lakini ni biashara ya kuuza shamba ili ule mavuno ya mwaka huu. Muuguzi au mwalimu wa hisabati huingiza mshahara kila mwezi kwa miaka thelathini, na hakuna boma linaloweza kutoa mahari ya namna hiyo. Tena ualimu wa sayansi na hisabati na kozi za tiba zimekuwa katika kundi la kwanza la vipaumbele vya mkopo, na tangu 2022 kuna Samia Skolashipu kwa waliong'ara katika masomo ya sayansi. Msichana wa aina hiyo anaweza asimgharimu baba yake hata ndama.

Serikali za mitaa nazo hazijafanya sehemu yao. Mgodi hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, na fedha nyingine za miradi ya jamii huenda kwenye majengo. Majengo ni mazuri. Chumba kimoja Tarime na kimoja Mugumu, vyenye kompyuta kumi, umeme wa uhakika na mtu mmoja anayejua mwongozo wa TCU, kingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na kingefunguliwa miezi minne tu kwa mwaka. Chama cha wafanyabiashara cha Sirari kikitaka kinaweza kuanza bila kusubiri halmashauri.

Wakati hilo linasubiriwa, mwenye mtoto kidato cha sita atoe vyeti sandukuni mwezi huu, avilaze mezani kimoja kando ya kingine na asome majina herufi kwa herufi. Apeleke cha kuzaliwa RITA kabla ya mtihani. Siku ya kujaza, aende mwenyewe na kijana wake, simu itakayoandikwa iwe ya nyumbani, na nywila ibaki kwa kijana, isibaki kwa mwenye kompyuta.