Mashine za Maikrofilamu Zipelekwe Kaloleni na Makadara

Mwanasiasa Tom Mbotela aliuawa mwaka 1952, na diwani Ambrose Ofafa mwaka 1953, vuguvugu la Mau Mau lilipokuwa limepamba moto. Mitaa ya Eastlands, Nairobi, ikapewa majina yao, na leo vijana wengi wanaoishi humo hawajui ni ya nani. Kwa nini watawala wa kikoloni waliwaenzi hawa na si wengine? Swali hilo hutafutiwa jibu katika magazeti na ripoti za wakati ule, ambazo nyingi zimehifadhiwa kwenye maikrofilamu. Miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kilipata nakala za filamu za rekodi za Nyaraka za Kitaifa za Kenya. Hivyo mwanafunzi wa huko huzisoma chuoni kwake, ilhali wa Makadara sharti apande matatu hadi katikati ya jiji. Hilo halikubaliki. Mashine za kusomea filamu zikarabatiwe, nakala zitolewe, na vyote viwekwe katika maktaba za Kaloleni na Makadara.

Wapo watakaosema dawa ni kuweka kila kitu kwenye intaneti. Ifanyike, naam, lakini kazi hiyo ni ghali na huduma zake hulipiwa mwaka baada ya mwaka, ilhali filamu iliyotunzwa vizuri hudumu karne nyingi na kuisoma kunahitaji taa na lenzi tu. Isitoshe, kompyuta hukuletea neno ulilolitafuta. Ukizungusha mkono wa mashine, ukurasa mzima hupita mbele yako: habari ya mgomo, kando yake bei ya unga, chini matokeo ya kandanda. Historia ya mtaa imejificha humo pembeni.

Hoja nzito zaidi ni kwamba rekodi hizo ziliandikwa na mkoloni. Ni kweli, na hata maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, iliwafungia Waafrika mlango hadi 1958. Ndiyo maana zisomewe mtaani, karibu na wazee wanaoweza kuzipinga. Ripoti ya Anvil, msako wa Waingereza jijini Nairobi wa Aprili 1954, itataja idadi ya waliokamatwa. Mzee wa Bahati atakuambia ni nyumba ipi iliyobaki bila baba. Wazee hao wanapungua, na nyumba zenyewe zinabomolewa kupisha maghorofa. Serikali ya kaunti ianze mwaka huu, kwa mashine moja Kaloleni.