AKIBA YA MBEGU ISIPOTEE

Ateremkaye kutoka milima ya Vidunda hadi Kidodi huona miwa imelijaza bonde. Miwa ni mali, nasi hatuibezi. Lakini ugali hudai mboga, na mboga hudai mbegu.

Tangu kale mama wa mlimani huliacha boga lililo bora likomae, na mchicha ulio mzuri utoe mbegu. Huzianika mbegu hizo, akazichanganya na majivu, akazitia kibuyuni na kukitundika juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Auitaye ujuzi huo ushamba hajui asemalo.

Leo vijana wengi hununua mbegu dukani kila msimu. Hatuzikatai, maana nyingine huzaa sana. Lakini ifahamike kwamba mbegu chotara, ikivunwa na kupandwa tena, haitoi mazao yaliyo sawa na ya kwanza. Mkulima hana budi kurudi dukani. Je, asiye na fedha atapanda nini?

Mabingwa wameitambua thamani ya mbegu zetu. Tawi la Kituo cha Kimataifa cha Mboga, lililofunguliwa Arusha mwaka 1992, huhifadhi mbegu za mnavu, mgagani na mchicha. Kazi hiyo twaisifu. Lakini ghala la Arusha li mbali na jembe la Kidodi.

Basi twasema: kila shule na kila kijiji kitenge bustani ya mbegu, na bibi zetu wawe walimu wake. Akiba haiozi, bali ujuzi usiorithishwa huzikwa pamoja na mwenyewe.