Meru: Kazi ya Gavana Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Katika semina moja ya mwaka wa tatu, wanafunzi wangu wawili, wote wenyeji wa Meru, walinizushia mjadala ambao haukuwamo katika mada ya siku. Tulikuwa tukichambua kauli ya kutendea. Nilikuwa nimewaonyesha jinsi sauti /l/ iliyotoweka katika vitenzi kama toa na ondoa inavyojitokeza tena tunapopata tolea na ondolea, nikaomba mfano mwingine. Mmoja akasema: okolea. Mwenzake akaguna kwa sauti, darasa likaangua kicheko, na muda uliosalia haukuwa wa sarufi tena.

Kwa msomaji asiyefuatilia siasa za upande ule wa Mlima Kenya, Okolea ni jina la mpango ulioambatana na Bi Kawira Mwangaza tangu siku zake za siasa za awali. Familia maskini zilipewa ng'ombe, magodoro, na nyingine zikajengewa nyumba. Mpango huo ulimpa umaarufu mkubwa alipokuwa Mwakilishi wa Wanawake, kiti alichokishinda mwaka 2017 akiwa mgombea huru, na mwaka 2022, bado akiwa hana chama, aliwabwaga Kiraitu Murungi aliyekuwa gavana na Mithika Linturi aliyekuwa seneta. Haikuwa kazi ndogo. Wakongwe wawili wa siasa, wenye vyama na fedha nyuma yao, waliangushwa na mwanamke aliyejitegemea.

Yaliyofuata yanajulikana, ila si vibaya kuyapanga. Desemba 2022, hata miezi minne haijatimia tangu aapishwe, bunge la kaunti lilipitisha hoja ya kumwondoa. Kamati maalumu ya Seneti ilichunguza mashtaka na kuona hayakuthibitishwa. Oktoba 2023, wajumbe 59 kati ya 69 walimpigia kura ya kumwondoa mara ya pili, kwa mashtaka saba, yakiwemo ya upendeleo wa jamaa, ya kuwatusi viongozi wengine, na hata ya kuipa barabara ya umma jina la mumewe. Novemba mwaka huo huo Seneti nzima ilimwondolea mashtaka yote saba. Agosti 2024, wajumbe 49 walirudi tena na hoja, mara hii kwa mashtaka matatu ya ukiukaji wa Katiba, mwenendo mbaya na matumizi mabaya ya mamlaka. Seneti iliyakubali. Gavana alikimbilia mahakamani na kwa miezi kadhaa akaendelea kukalia kiti, mpaka tarehe 14 Machi 2025 Mahakama Kuu ilipoitupilia mbali kesi yake. Siku chache baadaye naibu wake, Isaac Mutuma, aliapishwa.

Wanafunzi wangu wale hawakuwa wakibishania tarehe hizi. Walibishania kazi. Mmoja alishikilia kwamba gavana huyo alifanya kazi, akataja ng'ombe wa jirani yao, mama mjane, ambaye maziwa yake yaliwasomesha watoto. Mwingine alishikilia kwamba hakufanya kazi yoyote, akataja zahanati ya kijijini kwao isiyokuwa na dawa na barabara isiyopitika masika. Niliwaacha wabishane, kwa sababu mwanaisimu haoni kila siku watu wawili wakitumia kitenzi kimoja, katika lugha moja, kuhusu mtu mmoja, kila mmoja akiwa mkweli, na bado wasielewane.

Chanzo cha mkanganyiko kimo katika neno kazi lenyewe. Raia wa kawaida anaposema kiongozi amefanya kazi, aghalabu ana maana kwamba kuna kitu kimeonekana, kimefika mlangoni kwake, na mletaji anajulikana kwa jina. Sheria inaposema kazi ya gavana, ina maana nyingine kabisa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaitaja: afya ya kaunti, kuanzia zahanati hadi hospitali, kilimo, barabara za kaunti, maji na usafi, masoko na leseni za biashara, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Humo ng'ombe wa mtu mmoja mmoja hatajwi. Kadhalika halitajwi darasa la shule ya sekondari, wala kituo cha polisi, wala barabara kuu. Hizo ni za serikali ya kitaifa.

Walimu mnaosoma ukurasa huu mnalijua hili kuliko wengi. Darasa lililojengwa kwa fedha za hazina ya eneo bunge limeandikwa jina la mbunge ukutani. Basari imetoka huku kwa mbunge, huku kwa kaunti, na mzazi haulizi imetoka mfuko gani mradi mtoto asirudishwe nyumbani. Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti, Bi Margaret Nyakang'o, alipotoa waraka wa kuzizuia kaunti kulipa basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kelele zilisikika nchi nzima. Wengi walishangaa kusikia kwamba karo ya sekondari haikuwa jukumu la gavana tangu hapo. Basi mtu atampimaje kiongozi iwapo hajui ni lipi alilotumwa kulifanya? Mwalimu akisahihisha insha kwa mwongozo wa hesabu, alama atakazotoa hazitamwambia lolote mwanafunzi wala mzazi.

Lakini nisije nikaonekana ninawadharau wale wenye kusifu ng'ombe. Wasomi tuna kasumba ya kuuita ujinga kila uamuzi wa maskini tusioukubali. Mjane aliyepata ng'ombe amefanya hesabu yake vizuri. Kwa miaka mingi, kabla ya ugatuzi na baada yake, ameahidiwa maendeleo yaliyoandikwa katika vitabu vya bajeti asivyoweza kuviona. Anasikia kwamba sheria inaitaka kaunti itumie angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, na kwamba mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, lakini hajui hata senti moja kati ya hizo ilifika wapi. Ng'ombe anamwona. Anamkama asubuhi. Ukimwambia kwamba gavana bora ni yule anayeimarisha mfumo wa ununuzi wa dawa, atakuuliza dawa zenyewe ziko wapi, na swali lake ni halali.

Hata hivyo, mjane mmoja akipata, wajane mia hawakupata, na hapo ndipo hoja ya mwanafunzi wa pili inapopata nguvu. Zahanati yenye dawa humhudumia aliyempigia gavana kura na asiyempigia. Zawadi humhudumia aliyechaguliwa kupewa, na humwacha na deni la shukrani kwa mtoaji. Nirudi kidogo kwenye sarufi: kauli ya kutendea huingiza katika sentensi mtu wa ziada, yule ambaye kitendo kinatendwa kwa faida yake. Wafuasi wa Okolea walisema mtu huyo ni maskini. Wapinzani walisema ni mwenye mpango mwenyewe. Tofauti yote ya maoni Meru ungeweza kuiweka katika swali hilo moja la nahau.

Mgawanyiko huo, wala tusijidanganye, haukuzuka siku ile madiwani walipowasilisha hoja. Ulikuwamo ndani ya debe la kura. Katiba humtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, ila gavana anatakiwa tu kuwapita wenzake. Katika uchaguzi wa wagombea watatu wenye nguvu, Bi Mwangaza alipata kura zaidi ya 200,000, ambazo zilikuwa nyingi kuliko za yeyote lakini hazikufikia nusu ya zilizopigwa. Aliingia ofisini, kwa hivyo, wengi wa waliopiga kura wakiwa wamemchagua mtu mwingine, na hana diwani hata mmoja wa chama chake kwa kuwa chama hana. Kiongozi wa namna hiyo analazimika kujenga urafiki. Kwa maoni yangu, na hapa ninasema yangu, hilo ndilo alilolishindwa zaidi. Ugomvi na wajumbe ulianza mapema mno na haukupoa hata baada ya upatanishi kujaribiwa. Kujitegemea, ambako kulimpa ushindi, kulimnyima mtetezi siku ya dhiki.

Madiwani nao hawakuwa malaika. Kuwasilisha hoja tatu za kumwondoa mtu katika muda usiozidi miaka miwili, mbili kati yake zikishindwa, ni jambo linalomfanya msikilizaji ajiulize iwapo lengo lilikuwa kosa au mkosaji. Baadhi ya wakazi walisema wazi kwamba angekuwa mwanamume asingesumbuliwa hivyo. Siwezi kulithibitisha hilo, wala sitalipuuza. Mwaka 2022 Kenya ilichagua magavana wanawake saba kati ya 47, na hao wanajua kwamba matusi wanayotupiwa majukwaani hayafanani na ya wenzao wanaume. Mwanamume mkali huitwa shupavu; mwanamke mkali hutafutiwa jina jingine, nami ninayefundisha maana za maneno sihitaji kuwatajia majina hayo.

Tuje sasa kwa jambo linalonikera zaidi, nalo ni nafasi ya mkazi wa Meru katika kisa kizima. Maoni ya wakazi yaligawanyika, naam, lakini ni nani aliyeyahesabu? Kifungu cha 181 cha Katiba kinaruhusu gavana aondolewe kwa makosa mazito, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaipa kazi hiyo mikono miwili: thuluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti, kisha Seneti. Mbunge, chini ya Kifungu cha 104, anaweza angalau kwa nadharia kurudishwa nyumbani na wapiga kura wake, ingawa masharti yaliyowekwa na Sheria ya Uchaguzi yalikuwa magumu kiasi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi yake. Gavana hana utaratibu kama huo. Mpiga kura aliyemwajiri hana njia ya kumfuta, wala hana njia ya kumwokoa anapofutwa na wengine. Anabaki kutazama televisheni.

Tazama Embu, jirani yao. Mwaka 2014 Seneti ilipiga kura ya kumwondoa Gavana Martin Wambora, si mara moja bali mara mbili. Mahakama zikamrejesha. Mwaka 2017 aliwarudia wakazi wa Embu, nao wakamchagua tena. Huenda walikosea, huenda walipatia; la muhimu ni kwamba waliulizwa. Kwa Meru mambo ni tofauti, kwa sababu mahakama iliidhinisha kuondolewa. Mwezi Julai 2022, katika kesi ya Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi na aliyetaka ugavana wa Mombasa, Mahakama ya Juu ilibainisha kwamba aliyeondolewa ofisini kwa njia hii hawezi kugombea tena. Hivyo basi, isipokuwa uamuzi wa Machi 2025 ubatilishwe, wale wajumbe 49 na maseneta walioungana nao wamelijibu swali ambalo wakazi wa kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja na nusu hawataulizwa tena.

Najua jibu la wanasheria. Watasema kosa la kikatiba si suala la umaarufu, na kwamba mwizi anayependwa bado ni mwizi. Nakubali. Gavana aliyevunja Katiba hapaswi kuokolewa na makofi ya mkutano wa hadhara. Lakini mtu anayejua kwamba Seneti hiyo hiyo ilimwona hana hatia mara mbili, kisha ikamwona ana hatia mara ya tatu, amepewa haki ya kutaka kuelezwa kwa lugha anayoielewa ni nini kilichobadilika. Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza kizito. Mabishano ya mawakili yalikuwa ya Kiingereza. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Mjane mwenye ng'ombe alipata habari kwa muhtasari wa jirani, na jirani naye, kama tulivyoona, ana upande wake.

Kwa hiyo nikawapa wanafunzi wale wawili zoezi, wala si la adhabu. Niliwataka wachukue mashtaka yale matatu ya Agosti 2024 na kuyatafsiri kwa Kiswahili na kwa Kimeru, kwa namna ambayo mtu asiyepita shule ya msingi ataelewa ni kitendo gani hasa gavana alishtakiwa kukitenda, lini, na ni kifungu gani kilichokatazwa. Wiki mbili baadaye walirudi na kurasa sita. Katika kauli moja hawakukubaliana: kama "matumizi mabaya ya mamlaka" yaitwe kwa Kimeru kwa neno la kuiba au kwa neno la kuzidisha. Kila mmoja alinitumia barua yake ya kutetea neno lake, na yule mtetezi wa ng'ombe, kwa mshangao wangu, ndiye aliyetaka neno kali zaidi.